Kanzu Isiyoshika Udongo

Nitoe, nisitoe? Toa!

Alikuwapo Faki, mtanashati aliyekataa kumpakata hata mwanawe, asije akamkunjia kanzu. Siku moja akakutana na jini, akamwomba, “Udongo usiniguse kamwe.”

“Hautakugusa,” jini akasema, akampulizia. Tangu hapo Faki alipita matopeni na kanzu ikabaki nyeupe pe!

Mama yake akafa. Kaburini, kila mtu alitia udongo kwa viganja, mara tatu. Faki akachota, udongo ukamkimbia. Akachota tena, ukamkimbia. Mara ya tatu akachimba kwa kucha, akilia, “Mama, nisamehe!” Ukamkimbia.

“Inuka, Faki,” mjomba wake akanong'ona. “Watu wanatazama.”

Watu wakarudi na udongo mikononi. Faki akawafuata nyuma, viganja kavificha kwapani, kanzu inang'aa.