Dirisha Jeusi la Bi Veturia

Je, umewahi kumtazama mtu hodari akifanya kazi yake, vidole vikienda kama maji mferejini, ukasema moyoni, "Aa, hili nami naliweza"? Kama umewahi, tulia usikie habari ya Horatiu. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Maana yake, uzuri unaouona leo una jasho la siku nyingi ambazo hukuziona.

Horatiu alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta mjini Timișoara, mtu wa miaka ishirini na tisa, mwenye shahada ya daraja la kwanza na maringo ya daraja hilo hilo. Bi Sidonia alimwajiri kwa majaribio ya miezi mitatu katika ofisi yake ndogo, ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate, ambako harufu ya ufuta uliookwa hupanda kwa ngazi kabla ya watu.

Kwenye meza ya jirani alikaa Veturia, mama wa miaka hamsini na minne, mvi zake zimebanwa kwa kibanio cha mbao, sweta lake la kijani limetiwa viraka vya ngozi viwikoni. Hakugusa kipanya hata siku moja. Kazi zake zote alizifanya katika dirisha jeusi, lile ambalo mtu huandika amri na kompyuta ikatii. Herufi mbili tu, faili lililopotea likaibuka. Herufi tatu, kazi ya nusu saa imekwisha. Akiingia kwenye mashine yenyewe inayoendesha ratiba za tramu, zile treni ndogo za mjini, maandishi yaligeuka mekundu kama pilipili, yakimkumbusha kwamba hapo hapana mchezo.

Siku ya kwanza Horatiu alimtazama mpaka kahawa yake ikapoa. Alikuwa na neno kooni, akalimeza. Angeombaje, yeye na shahada yake? Badala yake akamtania, "Mama, dirisha hilo ni la enzi za babu yangu."

"Msalimie sana babu yako," Veturia akajibu bila kugeuka. "Alijua kitu kizuri."

Sasa, miongoni mwa watu wa kazi hiyo, mipangilio haifichwi. Veturia aliliweka faili lake la mipangilio ya dirisha jeusi wazi kwenye mashine ya ofisi, anayetaka achukue. Horatiu akalinakili kimyakimya. Lilikuwa na mistari mia tisa, na juu ya mingi palikuwa na maelezo mafupi, tarehe na neno, kama mama anavyoandika kwenye vifuniko vya chupa za jamu. Horatiu aliona ni soga za bibi, akayafuta yote. Ilikuwamo pia amri iitwayo "fagia," ambayo huingia kwenye folda ya makapi na kufuta kila kilichomo. Kila alipoijaribu, kompyuta yake ilikataa, ikisema folda hiyo haipo. Akautafuta mstari uliokuwa ukilalamika, akaukata, akaenda zake nyumbani ameridhika.

Ikafika Alhamisi. Saa tano asubuhi wageni kutoka shirika la tramu wangekuja kutazama programu mpya ya ratiba aliyoiandika Horatiu kwa wiki tatu. Ikiwapendeza, angeajiriwa moja kwa moja. Isipowapendeza, angefunga mkoba wake. Saa mbili na nusu aliona takataka kidogo kwenye kazi yake, akaandika "fagia." Kwa kuwa kwake folda ya makapi haikuwapo, na mstari uliokuwa mlinzi wa kuizuia amri alikwisha kuukata, amri ilibaki pale pale ilipokuwa, katikati ya kazi yake, ikafagia. Kufumba na kufumbua, wiki tatu zilikuwa zimetoweka.

Veturia aliuona uso wake umesawajika. Akavuta kiti, akatazama kioo, akaelewa.

"Ule mstari wa ulinzi uko wapi?"

"Niliukata, mama. Ulikuwa unapiga kelele."

"Hata mbwa wa mlangoni hupiga kelele. Naye ungemkata?"

Veturia akatafuta kwenye mashine ya majaribio, ambako kila kazi hupimwa kwanza, akakuta nakala ya Jumatatu asubuhi. Zilikosekana siku tatu, nazo ndizo zilizokuwa na kiini cha kazi. Akakunja mikono ya sweta. "Kichwa chako hakijafutwa," akasema. "Wewe kumbuka, mimi niandike."

Basi Horatiu akakumbuka, neno kwa neno, jambo ambalo hakujua kwamba analiweza. Na Veturia akaandika. Dirisha jeusi liligawanyika mara tatu, huku wakiandika, huku wakijaribu, huku makosa yakijitaja yenyewe. Bi Sidonia alileta andazi la jibini, likapoa bila kuguswa. Ilipobaki robo saa kutimia saa tano, nukta za tramu zilianza kutembea kwenye ramani, moja baada ya nyingine, bila kugongana.

Wageni walitazama, wakauliza maswali, Horatiu akayajibu yote. Walipoondoka, Bi Sidonia alimpa mkono, akamwambia kwamba meza ile ni yake. Bi Sidonia alipotaka kumshukuru Veturia, mama huyo akatikisa kichwa: kazi ni ya Horatiu, yeye alikuwa vidole tu.

Horatiu akarudi kwenye meza yake, akalifungua faili la Veturia upya, lenye maelezo yake yote. Juu ya "fagia" paliandikwa tarehe ya miaka kumi na mmoja iliyopita, kisha: "Nimefuta kazi ya wiki nzima. Nimelia chooni. Mstari huu usitolewe." Juu ya mstari wa maandishi mekundu: "Nilidhani niko kwenye mashine ya majaribio." Akasoma mpaka chini.

"Yote haya yalikupata wewe?"

Veturia akainua kidevu. "Kila ulinzi humo ni kosa langu moja, mwanangu. Nimeuchonga mwenyewe, na hakuna mwenye dirisha kama hili mji huu mzima."

Horatiu akafunga nakala yake iliyokatwakatwa, akaifuta. Akavuta kiti karibu na meza ya Veturia, na lile neno alilolimeza siku ya kwanza likatoka.

"Mama, tangu nilipokuja nilitaka kukuomba, kiburi kikanizuia. Nifundishe kuunda langu, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa."