Barua ya Vijiji Viwili

Ndugu zangu, leo nina habari ya mwanajeshi mmoja. Vijiji viwili vilichomeana nyumba, watu wakauana, na katikati yao palikuwa na kisima kimoja tu. Serikali ikapeleka jeshi. Yule mwanajeshi akaambiwa, "Miezi mitatu, kisha unarudi kwako."

Alikaa miaka tisa! Asubuhi wanachota wa kijiji cha juu, mchana wanachota wa kijiji cha chini, naye kasimama juani na bunduki. Binti yake alizaliwa yeye yuko kule; alipopata likizo, mtoto alimkimbia kama mgeni. Mama yake mzazi akafariki, akaomba ruhusa akazike. Mkubwa wake akamwuliza, "Na kisimani atasimama nani?" Mama akazikwa bila yeye.

Siku moja akaona jambo ambalo hajapata kuliona: wazee wa vijiji vyote viwili wanakuja pamoja, njia moja, wanazungumza. Akawakimbilia kwa furaha.

"Shikamooni, wazee wangu! Mmepatana?"

"Marahaba, afande. Tumepatana. Tumekaa siku mbili, tumeandika barua kwa serikali, na wote tumetia sahihi. Tunaomba msiondoke."

Akawatazama. "Siku mbili mmekaa chumba kimoja?"

"Kimoja."

"Na chakula mkala pamoja?"

"Tulikula."

"Sasa mimi hapa nalinda nini?"

Wakamkabidhi barua aipeleke kwa mkubwa wake.

Mnacheka? Msiwacheke wale wazee! Sisi kila Jumapili tunaomba amani mpaka sauti zinakauka, kisha tunataka mtoto wa mwenzetu azeekee kisimani, ili tusilazimike kusema, "Jirani, nyumba yako niliichoma mimi. Nisamehe." Nani alitupa haki ya kula ujana wa mtu kwa sababu ya kiburi chetu? Jeshi litakuzuia usimuue jirani yako. Lakini kumsalimu, nani atamsalimu kwa niaba yako?

Na humu kanisani je? Upande wa madirisha ukoo huu, upande wa ukutani ukoo ule. Nani aliwapanga hivyo? Mmeona askari mlangoni?

Leo sitoi baraka. Naketi hapa mbele, mpaka nimwone mmoja wenu anainuka, anavuka hii njia ya katikati, anatoa mkono.

Haya. Nawasubiri.