Miiba Aliyoiona Bi Kanga

Nikiita, niitikieni. Mpo? — Tupo. Masikio mmekuja nayo? — Tumekuja nayo. Basi yafungueni, na midomo muifunge.

Hapo zamani za kale, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Rajabu, saa kumi na moja alfajiri, Bi Kanga alikuwa mke wa mtu. Kulipopambazuka alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Kororo, alinyakuliwa mlangoni akienda kutawadha. Bi Kanga aliona majani yakitikisika gizani, basi.

Kwao kulikuwa na desturi: mfiwa hamkatalii mfariji. Akiambiwa ale, anakula. Akiambiwa alale, analala. Akiulizwa, anaitikia, maana kumwambia "hapana" aliyekuja kukupa pole ni utovu wa adabu.

Mfariji wa kwanza kufika alikuwa Kicheche. Maskini, ana moyo laini huyo. Alilia kuliko wenye msiba, tena alikuwa amejifukiza udi mpaka nzi wakapiga chafya. Akauliza kwa upole, "Shemeji, yule muuaji alikuwa mnene, eti?"

Bi Kanga hakuona mnene wala mwembamba. Lakini mgeni ni mgeni. Akasema ndiyo.

Siku ya pili Kicheche akarudi, udi umezidi. "Na miiba yake, shemeji, ilikuwa imesimama au imelala?"

Bi Kanga akafikiri sana. Akachagua: imesimama.

Siku ya tatu akaja tena. "Miiba ile ilipogongana, shemeji, ulishtuka sana?"

Bi Kanga akalia. Sasa aliisikia kabisa, kacha kacha kacha.

Nungunungu akaletwa barazani. Jumbe Ngiri, hakimu hodari asiyependa kuchoshwa na ushahidi, akaamuru atupwe mtoni kabla ya chakula cha mchana. Bi Kanga aliapa, kwa moyo safi, kuwa ni yeye.

Nungunungu akaomba nafasi ya kuuliza. "Pole sana, mama. Ile kofia nyekundu niliyovaa, ilikuwa na kishada?"

"Ilikuwa nacho," akasema Bi Kanga. "Cheusi."

Hakuna aliyewahi kumwona Nungunungu na kofia. Ingekaa wapi, na miiba ile?

"Mama, usiniitikie mimi," akasema Nungunungu taratibu. "Alfajiri ile kulikuwa na nini?"

Bi Kanga akafumba macho. "Majani yalitikisika. Na harufu mbaya. Mume wangu aliziba pua. Harufu hakuna aliyeniuliza."

Pua zote zikamgeukia mfariji mwema. Jua lilikuwa kali, udi umekwisha nguvu, na Kicheche alinuka kama alivyoumbwa. Wakamtupa mtoni yeye, kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa Jumbe hakupenda ratiba yake iharibike.

Bi Kanga akarudi nyumbani. Lakini kila akifumba macho amwone mumewe kwa mara ya mwisho, huona miiba. Anajua haikuwepo. Anaiona.

Basi, wasikilizaji, mkimwendea aliyeona jambo, mwulizeni aliona nini, kisha nyamazeni. Mkimpelekea jibu ndani ya swali, atalipokea kwa adabu na kulilea kama mwanawe.

Hadithi yangu naitua hapa. Atakayeiokota asiiongezee miiba. Na Mola amrehemu Bwana Kororo, amlaze mahali pema, yeye na wote waliotutangulia. Amina.