Bastola Iliyoulizwa Ikanyamaza

Hapo zamani za kale, wanangu, siku zile ambazo wanyama walijenga nyumba, wakalima mtama na kugombana kama sisi, palikuwa na kijiji kando ya mto. Humo aliishi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, macho yake hayatulii hata kidogo.

Nguchiro hakuwa na nyumba. Mwaka wa mafuriko, maji yaliingia shimoni mwake yakabeba kila kitu, hata mkeka. Akabaki njiani ametota, meno yanagongana, ka-ka-ka! Akapita Kakakuona, mhunzi wa kijiji. Hakumuuliza mengi. Alimwambia tu, "Ingia ndani, moto upo."

Tangu siku hiyo Nguchiro akalala kando ya tanuri la mhunzi. Na kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alisema, "Ahsante, baba."

"Ahsante ya nini tena?" Kakakuona alikuwa akijibu. "Ilishatosha ya jana. Njoo uvute mivukuto, moto uwake."

Basi, kijiji kile kilikuwa na desturi njema. Mavuno yakiisha, walifanya karamu ya shukrani. Kibuyu kilichojaa mtama mpya kilitundikwa juu ya mlingoti, na mlinzi wa mashamba akakipiga kwa bastola. Kibuyu kikipasuka na mtama ukimwagika, wote walipaza sauti, "Ahsante kwa mvua! Ahsante kwa udongo!" Hapo ndipo walipokula. Kabla ya hapo, hakuna aliyetia hata punje kinywani.

Mwaka huo bastola ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Kakakuona akafua mpya, kubwa, yenye kifyatulio kipana cha kutosha ukwato. Maana mlinzi mpya alikuwa Bwana Nyati.

Ah, Bwana Nyati! Kifua kama mlango wa zizi! Siku ya karamu aliingia uwanjani akitikisa pembe.

"Wekeni sahani tayari," alisema. "Mimi nikipiga, nimepiga."

Nguchiro ndiye aliyemshindilia bastola, kwa kuwa vidole vyake vyembamba viliweza kutia baruti na risasi mtutuni. Akashindilia, akampa, akasimama karibu na goti lake.

Pu! Vumbi likatimka chini ya mlingoti. Kibuyu, tuli.

"Upepo huo," alisema Nyati. "Shindilia tena!"

Pu! Makuti yakaruka juu ya nyumba ya Kiboko.

"We! Paa langu hilo!" alilia Kiboko. "Mtama uko huku, nyumba yangu iko kule!"

Pu! Chungu kikubwa cha maharage kikapasuka, mchuzi ukamwagika, shwaaa! Watoto waliokuwa wakikinusa tangu asubuhi wakaangua kilio.

Nyati akageuka, macho mekundu. "Bastola imepinda! Mnaona? Mkono huu haujawahi kukosea. Ni huyu mhunzi. Ametufulia chuma kilichopinda!"

Bibi Tembo, mkuu wa kijiji, akauliza taratibu, "Fundi, una neno?"

Kakakuona alikuwa mpole, na akitishwa hujikunja. Hapo alikuwa amekwisha kujiviringa kama mpira. Sauti yake ikatoka ndani ya magamba. "Niliunyoosha mtutu vizuri, Bibi. Niliutazama kwa jicho hili."

"Jicho lako limepinda pia!" alinguruma Nyati. "Anayetuharibia shukrani zetu hafai kukaa nasi. Abomoe tanuri lake, ahame leo, kabla jua halijatua!"

"Labda mwingine ajaribu kupiga," alisema Kiboko, akiangalia paa lake.

"Mwingine nani? Desturi inamtaja mlinzi peke yake. Ajitokeze, nimwone!"

Nani ajitokeze mbele ya pembe zile? Hakuna. Bibi Tembo akainamisha kichwa. Njaa ilikuwa imewashika wote, na mwenye njaa hukubali upesi.

Nguchiro alimtazama Kakakuona, mpira mdogo wa magamba katikati ya uwanja. Moyo ukamwuma. Huyu ndiye aliyesema, "Ingia ndani." Sasa yeye ndiye anayeambiwa atoke.

Akafikiri haraka haraka. Mtutu uliopinda hupinda vilevile leo na kesho. Ungepeleka risasi zote upande mmoja. Lakini hizi zimekwenda chini, zimekwenda paani, zimekwenda chunguni! Na tena, watu wote walipokuwa wakitazama kibuyu, yeye alikuwa chini ya kidevu cha mpigaji. Alikuwa ameona jambo. Lakini akisema, nani atamsikiliza? Watamwita mtoto wa mhunzi tu.

Akaruka juu ya kinu. "Bibi Tembo! Mjomba Nyati! Kwa nini tubishane? Tuiulize bastola yenyewe."

"Kuiuliza?" Nyati akacheka, ho-ho-ho! "Kidudu wewe, chuma kinasema?"

"Kina mdomo, mjomba. Nitakinong'oneza. Kama bastola ndiyo mkosaji, italia kwa nguvu na kukosa kama kawaida. Kama mkosaji ni mwingine, itanyamaza kimya, na huyo mwingine atajionyesha mwenyewe mbele yetu."

Nyati alijua kwamba bastola ikivutwa lazima ilie. Akafurahi. "Sawa! Inong'oneze. Ikilia, mhunzi ahame."

"Ikilia, ahame," alisema Nguchiro, akaipokea bastola.

Akawageuzia watu mgongo. Akanong'ona, psi-psi-psi, huku vidole vikifanya kazi. Hakutia baruti. Hakutia risasi. Alitia majivu ya jikoni, akayashindilia barabara, akampa Nyati kwa mikono miwili.

"Wanakijiji," alisema, "safari hii msikitazame kibuyu. Hakitakimbia. Mtazameni mjomba, tumpe heshima yake."

Nyati alipenda sana kutazamwa. Akatanua miguu. Akanyoosha mkono. Akavuta.

Kche!

Basi. Kche tu. Hata moshi haukutoka.

Lakini lo! Nyati alikuwa amefumba macho yote mawili, ti! Shingo imeingia mabegani. Mkono umeshuka mpaka mtutu unaelekea kwato zake mwenyewe. Miguu ya nyuma imeruka. Na kinywa chake kikubwa kimesema, "Yalaa, mama yangu!"

Mtoto mmoja wa ngiri akauliza, "Mama, mbona mjomba amefumba macho?"

Kicheko kikapasuka! Kiboko alicheka hadi akakaa chini. Bibi Tembo alijifunika uso kwa mkonga, masikio yakimtikisika.

"Umenidanganya!" alifoka Nyati.

"Nimekudanganya, mjomba," alisema Nguchiro, akirudi nyuma kidogo. "Nilitia majivu. Mimi ni mwongo. Lakini kope zako zimesema kweli."

Nyati akafungua kinywa afoke tena. Kisha akaitazama bastola, akautazama mkono wake. Pembe zake zikashuka polepole.

"Huo mlio," alisema chini chini. "Mlio wake unanitisha. Nilidhani hakuna anayejua."

Hapo Kakakuona akajikunjua, akamwendea. Wengine wangemcheka. Yeye hakumcheka.

"Bwana Nyati," alisema, "siku ya kwanza kuinua nyundo, nilifumba macho. Nikaponda kidole. Njoo. Usikivute kifyatulio kama anayeng'oa jino. Kibonye taratibu, kama unavyobonya embe kujua kama limeiva."

"Na mlio?"

"Uache uje wenyewe. Usiende kuupokea mlangoni."

Nguchiro akashindilia tena. "Sasa nimetia nini, mjomba? Majivu au baruti?"

"Nitajuaje mimi?"

"Ndiyo hivyo. Hutajua."

Kche! Majivu. Nyati aliruka, ila kidogo. Kche! Majivu tena, na safari hii jicho moja lilibaki wazi. Watoto wakamshangilia. Nguchiro akashindilia mara nyingine, uso wake hausemi kitu. Nyati akabonya, taratibu, taratibu, macho yamemtoka kama ya bundi...

PU!

Kibuyu kikapasuka vipande, na mtama ukamiminika juu ya vichwa vyao, chwa-chwa-chwa!

"Ahsante kwa mvua! Ahsante kwa udongo!" wakapaza sauti wote.

Nyati hakuikimbilia sahani. Alipiga goti mbele ya mhunzi. "Fundi, nisamehe. Nilitaka kukufukuza kwa kosa langu. Ahsante kwa bastola nzuri, na ahsante zaidi kwa kutonicheka." Kisha akamgeukia Nguchiro. "Nawe, kidudu, ahsante kwa uwongo wako. Ukinidanganya tena, unitangulizie habari."

"Nikikutangulizia, mjomba, nitakudanganyaje?"

Wakala mtama wakashiba, mhunzi akaketi katikati yao.

Wanangu, kabla hamjasema mtutu umepinda, hakikisheni macho yenu yako wazi.