Nathi ya Nyaguthii

Nathi haichumwi, huokotwa. Ndivyo ulivyoambiwa leo, Kiragu, na shangazi yake yule binti unayemwandama wiki nzima akupe jibu la posa. Na nyinyi wengine mnacheka nini? Kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huku mlimani palikuwa na mama mmoja, Wambeti, msafi kupindukia. Kabla chai haijachemka, alikuwa ameshafagia ua wote, hata chini ya mimea. Alikuwa akimuuguza mama yake, Nyaguthii, aliyekataa uji, akakataa supu. Alitamani kitu kimoja tu: nathi, vile vitunda vya manjano vinavyokaa ndani ya ganda jembamba, alivyovila utotoni.

Wambeti akaomba mbegu kwa jirani, akazisia katika sufuria iliyotoboka. Miche ilipopata majani manne akaihamishia uani. Kuku, loo! Wakaifyeka yote, ukabaki mmoja. Akauzungushia miiba, akaumwagilia, hata ukazaa.

Akachuma. "Mama, onja."

Nyaguthii akatema. "Chungu!"

Kesho akachuma tena, na kesho kutwa. Chungu vilevile. Mgonjwa akazidi kukonda, na Wambeti akaingia jikoni akalia, maana aliogopa mama yake atakufa na hamu yake.

Asubuhi moja akamtoa mama nje aote jua, kisha akashika ufagio kama kawaida.

"We Wambeti, unafagia nini hapo?"

"Takataka tu, mama. Maganda makavu yaliyoanguka."

"Hebu niletee hizo takataka."

Nyaguthii akalipasua ganda moja. Ndani mlikuwa na tunda la manjano, limeiva tepetepe. Akalila taratibu, akafumba macho.

"Mwanangu, siku zote hizi unanilisha mbichi, na zilizoiva unawatupia kuku! Nathi haichumwi. Ikiiva hushuka yenyewe. Kazi yako ni kuinama tu."

Wambeti aliona haya, akacheka, akalia, yote kwa pamoja. Akauweka ufagio kando, akapiga magoti akaokota mpaka kanga ikajaa. Jioni ile Nyaguthii aliomba uji mwenyewe.

Haya, Kiragu, umesikia? Jibu ukilivuta leo, utalitema. Liache liive, lishuke lenyewe, nawe uwe karibu, tayari kuinama. Nathi haichumwi, huokotwa.