Jibini Mfukoni mwa Luka

Aliye na chakula mkononi akimalize kwanza. Aliye na kikombe akiweke chini. Hadithi hii haiendani na kutafuna, na mimi sitaki lawama. Mmemaliza? Basi sogeeni, nami nianze.

Tabora walikuwapo dada watatu wa tumbo moja, na kila mmoja alikuwa na kipawa ambacho hakukiomba.

Siwema alikuwa na pua. Akiingia nyumba ya watu alijua walikula nini juzi, nani hakuoga leo, na panya amefia upande gani wa dari. Harusini alikaa mlangoni, msibani alikaa uani, na popote alipokaa, ncha ya kanga ilikuwa puani.

Kibibi alikuwa na macho. Unywele ukiwa ndani ya mchuzi, aliuona bakuli likiwa bado linapita mlangoni. Kucha chafu ya muuza maandazi aliiona toka ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana alitanda kanga mpaka kwenye nyusi na kutembea ametazama chini, apate kupumzika na dunia.

Kashinde hakuwa na kinyaa. Hicho ndicho kilikuwa kipawa chake. Kinachowageuza wengine tumbo, yeye kilimpita kama upepo. Mtoto mchanga wa jirani akizibwa pua na mafua, mama akiogopa kumfyonza, Kashinde aliitwa. Aliweka mdomo wake juu ya pua ya mtoto, akafyonza kamasi, akatema, kisha akaendelea na maneno aliyokuwa akiyasema. Watu walimshukuru, halafu wakamkwepa. Dada zake walimpenda, lakini hawakula naye sahani moja.

"Mkono ule," Siwema alikuwa akisema, "umepita mahali pengi."

Hakuna aliyekuwa na mtoto kati yao. Hakuna mchumba aliyewahi kuipita pua ya Siwema. Kibibi aliwaona wote vizuri mno. Na wachumba wa Kashinde, kila mmoja alipokumbuka kazi ya ule mdomo, alikumbuka pia kwamba ana safari.

Dada yao mkubwa, Nyamizi, aliolewa na Andrea, mfuga nyuki wa ng'ambo aliyekuja Tabora kutafuta asali akaondoka na binti. Walikaa kwao Andrea, katika kisiwa kimoja cha Bahari ya Mediterania, pamoja na mtoto wao Luka, wa miaka mitano, na bibi yake Andrea, Bibi Filumena. Nyamizi alipopata mimba ya pili akawapigia simu wadogo zake. "Andrea atalipa nauli. Njooni mpumzike, mtembee, mkae mpaka nijifungue. Huku ni kuzuri, jamani, mtadhani mnaota."

Uzuri ulikuwapo, lakini kwenye picha. Picha haina harufu.

Nyamizi na Andrea waliwapeleka mji mkongwe wenye nyumba nyeupe na madirisha ya buluu. Siwema alisikia mkojo wa paka katika kila kichochoro, na katika baadhi ya vichochoro si wa paka. Waliwapeleka kwenye ngome. Wageni wengine walitazama bahari. Kibibi aliutazama ukuta, akaona mamia ya bazoka zilizotafunwa na kubandikwa na watalii wa miaka na miaka, nyingine bado zina alama za meno. Waliwapeleka sokoni, ambako mtu alipasua mnyama wa baharini mwenye miiba, akampa kila mgeni kijiko, na miiba ikawa bado inapunga. Siwema na Kibibi walirudi garini. Kashinde alimaliza chake, akaomba cha pili.

Jioni yake Bibi Filumena akaleta mezani kitu cha heshima, kimefunikwa kitambaa.

"Kinatembea," Kibibi alisema kabla kitambaa hakijafunuliwa. "Dada Nyamizi, chakula kinatembea."

Ilikuwa jibini. Jibini ya kondoo, iliyoachwa nzi waitagie mpaka ikalainika, na ndani yake funza weupe wanajikunja na kuruka. Watu wa kisiwa huila vilevile, na funza wake. Siwema alikuwa ameshafika barabarani. Kibibi alijifunika uso wote. Kashinde alipaka mkateni, akatafuna taratibu.

"Ina chumvi," alisema. "Lakini mwishoni kuna utamu."

Bibi Filumena, ambaye hakujua neno la Kiswahili, alimbusu mashavuni kwa midomo ileile iliyotoka kula funza. Luka alicheka mpaka akashika tumbo, na tangu hapo akawa haachani na mama mdogo Kashinde.

Kesho yake walikwenda ufukweni. Andrea alikwenda kwa nyuki wake. Walikwenda dada wanne na Luka.

Mmeona dagaa walioanikwa? Ndivyo watu walivyolala. Walijipaka mafuta ya jua wakang'aa, wakaingia majini, wakatoka, wakajipaka tena, na juu ya maji pale ukingoni pakawa na utando wa rangi rangi, kama maji yaliyooshewa sahani za pilau. Mchangani, vipisi vya sigara. Kwenye mawimbi, plasta ya kidonda cha mtu ilikuja, ikarudi, ikaja. Nepi moja ilielea imevimba, na watoto wakaisukumiana kwa vijiti kama mpira. Siwema alifunga kanga puani kwa fundo. Kibibi alijilaza kifudifudi, akajifunika gubigubi. Nyamizi, miguu imemvimba, akasinzia chini ya mwavuli.

Alipozinduka akauliza, "Luka yuko wapi?"

Wote watatu wakainuka.

Waliita. Walikimbia huku na huku wakiruka mapaja ya watu. Mlinzi wa waogeleaji alipiga filimbi, akatazama majini, na kila alipotazama majini Nyamizi alizidi kushika tumbo. "Mwanangu hajui kuogelea," alisema, kwa Kiswahili, kwa yeyote. "Mwanangu hajui kuogelea."

Hapo Siwema akafungua kanga puani. Tangu ashuke kutoka ndegeni hakuwa ameiondoa puani akiwa nje. Akavuta pumzi, na ufukwe wote ukamwingia: mafuta yaliyopata jua, makwapa, ngisi wa kukaangwa, vyoo. Akatapika pale pale mbele za watu. Akafuta mdomo, akavuta tena. Na chini ya yote hayo, nyembamba kama uzi, akaipata ile jibini. "Anayo," alisema. "Mtoto ana ile jibini." Akaushika ule uzi wa harufu akakimbia nao, anatapika na kukimbia, mpaka mwisho wa ufukwe, nyuma ya miamba, mahali ambapo mgeni hapelekwi.

Kila asubuhi, wageni wakiwa bado wamelala, trekta hukokota majani ya bahari yaliyoletwa na mawimbi, ili picha zitoke safi. Na huko nyuma ya miamba ndiko hutupwa. Yalikuwa yamejaza kijighuba kizima. Juu yalikauka yakafanana na ardhi; chini yalioza yakawa uji mweusi, na uvundo wake ni wa mayai viza. Hapo pua ya Siwema ikakoma. "Yuko hapa," alisema. "Lakini hapa pote pananuka. Siwezi tena."

Kibibi akatupa kanga. Akafungua yale macho yake, akayaelekeza kwenye kitu ambacho mimi na wewe tungekitazama mara moja tukageuka. Nzi walitanda juu ya uozo kama busati. Chini ya nzi, funza. Chini ya funza, ute unaotokota taratibu. Kibibi alitazama. Machozi yalimtoka, naye hakupepesa, akapita busati lile nzi kwa nzi. Kisha akaona, karibu na mwamba uliopinda, nzi wachache wanaruka na kutua, wanaruka na kutua, wote kwa pamoja.

"Pale," alisema. "Wale nzi wanapulizwa na pumzi."

Kashinde alikuwa ameshaingia. Ule uji ulimfika kiunoni, ukamfika kifuani, na vilivyomo ndani yake vikampanda shingoni. Akafika, akazamisha mikono, akapapasa, akashika. Mtoto alipovutwa, ute ukamfunika uso, na ile pumzi kidogo aliyokuwa nayo ikakatika. Kashinde hakungoja afike pakavu. Aliweka mdomo wake juu ya pua na mdomo wa Luka, akafyonza, akatema. Akafyonza, akatema. Alichokitema sitakisema. Akafyonza tena, na Luka akakohoa, kisha akalia.

Nyamizi alipofika aliwakuta watatu chini: mmoja anatapika, mmoja amefumba macho na hataki kuyafumbua, mmoja mweusi tititi amepakata mtoto mweusi tititi. Mfukoni mwa Luka kulikuwa na kipande cha jibini. Funza wake walikuwa hai.

Akapiga magoti. "Niliyenaye tumboni ni wa kike, hospitali wameniambia," alisema. "Atachukua jina la aliyenirudishia Luka. Nimesema mbele ya Mungu."

Nanyi mnajua jambo hili lilivyo kwetu. Anayepewa jina lako ni somo yako. Ni wewe wa pili. Siku utakapozikwa, yeye ataitwa njiani, na jina lako litaitika. Kwa wanawake watatu wasio na mtoto, jina hilo lilikuwa mtoto.

Binti akazaliwa. Kitovu kilipodondoka, Bibi Filumena akawasha mshumaa. Desturi ya kisiwa ni kwamba mtoto wa pili hutajwa na upande wa mama: jina moja, linanong'onwa sikioni kabla mshumaa haujaisha. Yasiwe mawili, wala matatu.

"Sema, dada," Siwema alianza. "Lakini ukumbuke, bila pua yangu mngekuwa bado mnatafuta baharini. Dunia nzima ilikuwa inatazama majini."

"Ulitufikisha jalalani ukanyoosha mikono," Kibibi alisema. "Tungefukua wapi? Pale palikuwa na kazi ya siku mbili, na mtoto ana pumzi ya dakika mbili."

"Nyie mlinusa na kutazama," Kashinde alisema. "Toka lini mtoto akaokolewa kwa kutazamwa?"

"Na wewe ungeingia wapi bila kuonyeshwa? Ungezama mwenyewe, tukawa na maiti wawili," Kibibi alisema.

"Ningezama ninatafuta."

"Na uoge tena," Siwema alisema. "Bado unanuka, mdogo wangu. Nakwambia kwa mapenzi."

Luka alikuwa chini ya meza, anachezea kijiko. "Mama mdogo Siwema, hata mimi uliniambia nanuka," alisema.

Nyamizi akainama amtazame.

"Lini, baba?" Nyamizi aliuliza.

"Kule ufukweni. Nilikaa kwenye taulo lake, akaniambia niondoke na uvundo wangu. Nikaenda kwa mama mdogo Kibibi. Nikamwita. Alikuwa amejifunika, akasema hataki kuona kitu chochote leo."

Kibibi akashika ncha ya kanga, akaiacha.

"Na jibini ulipewa na nani?" Nyamizi aliuliza tena.

Luka akamtazama Kashinde, kwa upendo mtupu. "Mama mdogo Kashinde. Alinitilia mfukoni. Akaniambia nikaile mbali, kule nyuma ya mawe, dada zake wasije wakatapika."

Kashinde aliitazama mikono yake, ile iliyopita mahali pengi, akaificha chini ya kanga kama mtu anayeiona chafu kwa mara ya kwanza.

"Na mimi nilisinzia," Nyamizi alisema. Alisema polepole, na hakumtazama yeyote. "Lakini niliapa, na kiapo hakijui nani alikosea. Jina linatakiwa."

Bibi Filumena, asiyeelewa neno, akaonyesha mshumaa. Ulikuwa umebaki kipande cha kidole.

Mtoto akapiga chafya. Ya pili ikakwama, na puani mwake mkatoka mkoromo mwembamba. Siwema aliinama, akanusa utosi wa mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu aje kisiwani hakukunja pua. Kibibi alikuwa ameona povu dogo la kamasi puani kabla ya mama. Kashinde akainuka nusu, mdomo tayari, kisha akakaa, akisubiri kuitwa.

Basi wasikilizaji, mimi nimefika hapo na siendi mbele. Mmoja alipata njia, mmoja alipata mahali, mmoja alipata pumzi. Mmoja alimfukuza, mmoja hakumtazama, mmoja alimtuma. Mshumaa unayeyuka na sikio la mtoto linangoja. Wewe uliyekaa mbele, na wewe uliyeshika pua tangu mwanzo wa hadithi, nitajieni jina: mtoto huyu aitwe nani?

Na ukishamtaja huyo, nijibu na hili. Ungekula naye sahani moja?