Shali ya Bibi Edina

Mmemsikia mama yenu akisema, "Usizibe mwanya aliouacha mfumaji," mkacheka, mkauliza ni mfumaji gani huyo. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu milimani, ambako mwezi wa sita umande huganda juu ya majani ya viazi, aliishi Yusta, fundi wa kufuma nguo za pamba. Nguo zake zilibana hasa. Watu walisema ukimwaga maji juu ya nguo ya Yusta, utayakuta asubuhi.

Mama yake, Bibi Edina, alikuwa na kikohozi cha siku nyingi, ila ibada ya alfajiri hakuikosa. Kondoo wake wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa mwaka uliotangulia. Kilichobaki ni kikapu kimoja cha sufu.

"Nifumieni shali ya shingoni," akasema. "Nisiwe naomba huku natetemeka, Mungu akadhani namdanganya."

Kikapu kile akampa Semeni, mke wa mdogo wake Yusta. Semeni alizaliwa kwa wafuga kondoo, alijua kuchanganya sufu na pamba na nyuzi laini za mgomba. Jambo lile lilimkaa Yusta rohoni. Yeye ndiye fundi, tena ndiye mtoto wa tumbo.

Semeni akatandika nyuzi, akaanza kufuma. Nguo ikawa wazi wazi, kidole kinapita. Yusta alikuja, akatazama, akaweka mkono kiunoni.

"Wifi, hii ni shali au wavu wa kunasia kumbikumbi?"

Semeni akacheka. "Ngoja maji, wifi."

Hapo ndipo Yusta angeuliza, maji gani? Hakuuliza. Fundi mzima amuulize mke wa mdogo wake!

Haikupita wiki, Semeni akaitwa kwao kwenye msiba wa mjomba wake. Shali ikabaki kwenye kitanda cha kufumia, imebakiza shubiri mbili. Usiku Yusta akamsikia mama yake akikohoa, na asubuhi akamwona akielekea kanisani amejifunga khanga shingoni. Akajiambia, nitaimaliza mimi, tena nitaimaliza vizuri. Wallahi nia haikuwa mbaya yote. Nusu ilikuwa huruma, nusu ilikuwa kuonyesha.

Akachukua kitana, akazisukuma nyuzi zikabanana. Palipobaki wazi akajaza sufu, akajaza tena, mpaka kikapu kikaisha. Akaipapasa, hakuna hata tundu la sindano. Akaikata kwenye kitanda, akachemsha maji, akaikanda kwa sabuni kama alivyokuwa akimwona Semeni akikanda vipande vyake vidogo vya kujaribia.

Sufu ikipata maji ya moto na kukandwa hujikusanya, nyuzi hushikana zisiachane tena. Ilitafuta pa kwenda, haikupata. Jua lilipoikausha, shali ilikuwa imesimama yenyewe kama ubao wa mlango.

Semeni aliporudi alimkuta Yusta ameketi uani, shali mapajani. Akaishika, akaigeuza, akakaa chini kabla hata hajavua kitambaa cha msiba.

"Wifi, ile mianya uliiziba?"

"Niliona umeacha kazi nusu."

"Ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Niliiachia sufu njia. Ikijikusanya, pamba ingeinuka matuta matuta kama shamba la viazi, na ndani ya matuta ndimo linamokaa joto."

"Basi tuifumue."

"Haifumuliki, wifi. Ikishashikana imeshashikana." Kisha, polepole, "Ungeniuliza tu."

Bibi Edina alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaichukua shali, akajaribu kuizungusha shingoni. Ikakataa kupinda, ikamsukuma kidevu juu. Yusta akainamisha macho.

"Inafaa," mama akasema. "Nitapiga magoti juu yake. Sakafu ya kanisa nayo ni baridi." Akamgusa Yusta begani. "Ila siku nyingine, mwanangu, usizibe mwanya aliouacha mfumaji. Wewe unaona tundu, yeye anaona mbali."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Mwezi mzima Bibi Edina alikwenda ibadani na ubao wake kwapani, magoti yana joto, shingo iko wazi. Mwezi wa saba, baridi ilipozidi, kikohozi kilishuka kifuani. Mungu akamchukua siku ya Jumatano.

Kondoo wa kwao Semeni walikatwa manyoya mwezi wa tisa. Semeni akafuma shali nyingine, wazi wazi, kidole kinapita. Safari hii Yusta alikaa pembeni, mikono amekunja, hakugusa uzi. Aliiona ikiingia majini ni wavu, ikatoka laini, matuta yake yamejaa, nyuzi za mgomba zinang'aa katikati. Wakaishika wote wawili, huku na huku. Shingo ya kuivaa haikuwepo.

"Vaa wewe, wifi," Semeni akasema.

Yusta hakuivaa. Aliikunja, akaiweka sandukuni. Ile ngumu ndiyo aliyokwenda nayo kanisani kila alfajiri mpaka uzee wake, na waliopiga magoti karibu naye walimsikia, baada ya Amina, akiongeza maneno yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejikumbusha:

"Usizibe mwanya aliouacha mfumaji."